Jarena Lee, mwanamke aliyesimama kanisani

Leo tunamkumbuka Jarena Lee, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1783 huko Cape May, New Jersey. Akiwa na miaka 7 tu alipelekwa kutumika nyumbani mwa watu.

Aliokoka Philadelphia chini ya mahubiri ya Richard Allen. Aliposikia wito wa kuhubiri, alimwendea. Allen, ambaye mwenyewe alizaliwa utumwani, alimjibu kwamba kanuni za Wamethodisti haziruhusu mwanamke kuhubiri.

Jarena akaolewa na mchungaji, akafiwa na mume, akabaki na watoto wawili wadogo. Siku moja katika kanisa la Betheli, mhubiri alikwama katikati ya somo la Yona. Jarena akasimama, akaliendeleza, akisema kwamba yeye pia, kama Yona, alichelewa kuitika. Kisha akaketi, akiogopa kufukuzwa. Kumbe Allen, sasa askofu, alisimama akakiri mbele ya wote kwamba Mungu amemwita kweli.

Tangu hapo alihubiria weusi na weupe. Katika mwaka mmoja alisafiri maili 2,325 na kuhubiri mara 178. Lakini alifariki mwaka 1864 bila kuwekewa mikono.

Katika parokia zetu, wamama wanaongoza maombi na kufariji wafiwa. Je, tunawapa pia mimbari? Kanisa linahitaji mama anayethubutu kusimama kama Jarena. Linahitaji pia mchungaji anayethubutu kubadilika kama Allen.