Pasteur na Vijidudu Visivyotaka Hewa

Ndugu msomaji wa Kilwa na Lindi, unaijua gesi ya Songo Songo. Iligunduliwa chini ya ardhi mwaka 1974. Je, unajua kuwa iko pia gesi inayotengenezwa na vijidudu? Habari za vijidudu hivyo tulizipata kwa Louis Pasteur.

Pasteur alizaliwa Ufaransa mwaka 1822. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa ngozi. Mwaka 1854 alikwenda kufundisha katika mji wa Lille. Huko mwenye kiwanda kimoja cha pombe alimwomba msaada, kwani pombe yake ilikuwa ikiharibika. Mgema yeyote anaijua hasara hiyo: tembo tamu la leo likilala huwa kali kama siki. Pasteur alitazama kwa hadubini, chombo kinachokuza vitu vidogo. Katika mapipa mazuri aliona chachu. Katika mapipa mabaya aliona vijidudu vya namna nyingine.

Mwaka 1859 alifiwa na binti yake kwa homa ya matumbo. Hata hivyo hakuacha kazi. Mwaka 1861 alichunguza maji ya sukari yaliyochacha na kunuka kama samli iliyoharibika. Aliweka tone moja chini ya hadubini. Vijidudu vya katikati ya tone viliogelea. Vile vya pembeni, karibu na hewa, vilitulia. Alipopitisha hewa ndani ya maji yale, vikafa. Fikiri, msomaji! Watu waliamini kuwa hakuna kiumbe kinachoishi bila hewa, na hapa hewa ndiyo iliyoua.

Mwaka 1868 Pasteur alipooza upande wa kushoto. Mwaka 1885 alimchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, na mtoto akapona. Pasteur alifariki mwaka 1895.

Vijidudu vile hula sukari na kutoa gesi ya haidrojeni. Gesi hiyo ikiwaka haitoi moshi, hutoa mvuke wa maji. Kwa hiyo leo wataalamu wanatafuta vijidudu vinavyoitoa kwa wingi. Huchukua tope au samadi na kuipasha moto sana. Vijidudu vinavyokula haidrojeni hufa. Baadhi ya vile vinavyoitengeneza hujifunga katika ganda gumu na kupona. Kisha hutiwa katika chupa zilizozibwa, hupewa sukari, na gesi hupimwa. Mpaka sasa gesi inayopatikana ni kidogo, maana sehemu kubwa ya sukari hugeuka kuwa asidi.