MZEE WA BWANA MSA, MTU ALIYEUHOJI MZIMU

Haya wadau, leo tuache siasa na mpira kidogo. Nataka tumkumbuke mzee mmoja aliyefariki mwaka 1991, wakati wengi wetu hatujazaliwa au tukiwa bado tunabebwa mgongoni. Jina lake Muhammed Said Abdulla. Kama jina hilo halikujii haraka, basi nikisema Bwana Msa najua kuna watu wataitikia, aaah, kumbe yule!

Mimi nilikutana na kazi yake nikiwa kidato cha pili, nyumbani Kinole, huku milimani Uluguru. Kitabu kilikuwa hakina jalada, kimeshonwa na uzi wa gunia, na kibaya zaidi kurasa za mwisho zilikuwa zimechanika. Tulikisoma kwa zamu, wengine wakiwa wamekaa wanalinda karafuu na pilipili manga zilizoanikwa juani. Kitabu chenyewe ni Mzimu wa Watu wa Kale. Sasa fikiria mwenyewe, hadithi ya upelelezi isiyo na mwisho! Tulibishana wiki nzima muuaji ni nani. Na kuna wenzetu walishikilia kabisa kwamba hakuna cha muuaji, mzimu wenyewe ndio umeua, basi.

Usiwacheke. Sisi Uluguru mizimu si hadithi ya kitabuni. Mzimu wa Kolelo, ule wa pangoni, ulijulikana mpaka pwani, na jina lake limo hata kwenye historia ya vita vya Maji Maji vya mwaka 1905. Matambiko tumeyakuta. Kwa hiyo mtoto wa Kinole akisoma kwamba tajiri mmoja, Bwana Ali, amekutwa ameuawa penye mzimu, hashangai. Anajua kabisa watu wa pale watasema nini.

Sasa huyu mzee ni nani? Alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, tarehe 25 Aprili 1918. Makunduchi ndio kule kwenye sherehe za Mwaka Kogwa, mahali ambapo mambo ya kale yana wenyewe. Kwa hiyo msidhani aliandika habari za mizimu kwa kusimuliwa na wageni. Alimaliza masomo mwaka 1938 akaajiriwa serikalini, idara ya afya, kama mkaguzi. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi. Mimi naona hapa ndipo Bwana Msa alipoanza kuzaliwa. Mkaguzi wa afya haulizi nani amewaloga watu wa mtaa huu mpaka wanaharisha. Anauliza maji mnachota wapi, choo kiko umbali gani na kisima. Yaani anatafuta chanzo.

Mwaka 1948 akabadili maisha, akaingia kwenye uandishi wa habari na kuwa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika miaka kumi iliyofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Mwaka 1958 akapewa uhariri wa Mkulima, gazeti la mambo ya kilimo, na hapo alikaa mpaka alipostaafu mwaka 1968. Katikati ya miaka hiyo Zanzibar ilipata uhuru mwaka 1963, halafu Mapinduzi ya Januari 1964, halafu Muungano Aprili mwaka huo huo. Dunia nzima aliyoijua ilipinduka, ile ya mamwinyi na mashamba makubwa ya karafuu, na dunia hiyo ndiyo aliyoiweka kwenye hadithi zake.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1957 na 1958 kulikuwa na mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau. Mzee akapeleka hadithi yake, ikashika nafasi ya kwanza! Ikatoka kama kitabu mwaka 1960. Wataalamu wa fasihi wanamhesabu kuwa ndiye aliyeifungulia njia riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Kina Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo walikuja 1965. Elvis Musiba na Willy Gamba wake kwenye Kufa na Kupona, mwaka 1974. Hao mnawajua zaidi kwa sababu kuna bastola na kukimbizana. Bwana Msa hana mambo hayo. Yeye ana kiko mdomoni, ana rafiki yake Najum, kuna Inspekta Seif wa polisi, halafu ana akili. Basi.

Ukiona kiko na rafiki wa kuongozana naye utasema mbona huyu ni Sherlock Holmes! Ni kweli, mzee hakuficha kwamba alijifunza kwa yule Mwingereza wa Arthur Conan Doyle, aliyeanza kutoka vitabuni mwaka 1887. Lakini kunakili tu kusingemfikisha mbali. Angalia alichobadilisha. Kwanza jina: Msa ni M, S na A, herufi za mwanzo za jina lake mwenyewe. Jamaa kajiweka mwenyewe ndani ya kitabu mchana kweupe! Pili, chanzo cha kesi. Kwa Bwana Msa ukichimba vizuri unakuta mambo ya ndoa iliyofichwa, mtoto asiyejulikana baba yake ni nani, urithi, jambo la miaka mingi nyuma ambalo wazee walikubaliana kulinyamazia. Sisi Waluguru tunaohesabu ukoo kwa upande wa mama, na mashamba yetu tunayagawana hivyo hivyo, hatuhitaji kufafanuliwa. Ugomvi wa shamba unaanza kwa swali moja tu: wewe hasa ni mtoto wa nani?

Na tatu, ndio kubwa, ni huo mzimu. Bwana Msa hamtukani anayeogopa. Ila yeye akifika penye mzimu anaangalia chini kama kuna alama za miguu. Anauliza nani alikuwepo, nani anafaidika, na kwa nini huyu anataka sana tuamini kwamba ni mzimu. Kitabu cha pili, Kisima cha Giningi cha mwaka 1968, mchezo ni ule ule. Giningi kwa Wazanzibari ni jina la kutisha, makao ya wachawi. Waliosoma Kivuli Kinaishi cha Said Ahmed Mohamed wanaikumbuka Giningi ya Bi Kirembwe. Mzee alichukua jina linalowafunga watu midomo akalitumia kuwafundisha kuuliza.

Halafu kuna jambo linanipa moyo sana mimi niliyemaliza shule nikakaa kijiweni. Huyu mzee alikuwa mwajiriwa miaka thelathini, na muda wote huo riwaya aliyotoa ilikuwa moja, mpaka ile ya pili iliyotoka mwaka aliostaafu, akiwa na miaka 50. Wenzake wangesema sasa nakaa barazani napiga bao. Yeye ndio kwanza akachapa kazi. Duniani Kuna Watu ikatoka mwaka 1973, Siri ya Sifuri 1974, Mke Mmoja Waume Watatu 1975, Mwana wa Yungi Hulewa 1976. Vitabu vinne miaka minne mfululizo! Na kila kimoja fumbo linazidi kusokotwa kuliko kilichotangulia. Mwaka 1984, akiwa na miaka 66, akatoa Kosa la Bwana Msa. Huyo mpelelezi aliyetuzoesha kwamba hakosei, mzee akamwekea kosa kwenye jina la kitabu kabisa. Kwangu mimi huo ni ujasiri, uzeeni kumgusa shujaa wako mwenyewe.

Vitabu vyake vimechapwa tena mara kadhaa na vimesomeshwa mashuleni Afrika Mashariki, na Kiswahili chake kinasifiwa kila mahali. Lakini kuchapwa tena ni jambo moja, na kufika Kinole ni jambo lingine. Gari zinashusha ndizi na machungwa Morogoro mjini, zikirudi zinabeba sabuni, chumvi, vocha. Sijawahi kuona ikapanda na boksi la riwaya. Ndio maana tulikuwa na kile kimoja kilichochanika.

Kwa nini nayaandika haya? Miaka michache baada ya kile kitabu, jirani yetu alianguka shambani akafa. Kabla hata matanga hayajaisha, bibi mmoja anayeishi peke yake alikuwa ameshatajwa. Mnajua wenyewe kule Kanda ya Ziwa vikongwe wangapi wamekatwa mapanga kwa maneno ya namna hiyo. Basi mmoja wetu, wale wa kitabu kisicho na mwisho, akaanza kuuliza pale msibani kwa upole. Marehemu alikuwa anaumwa nini? Nani alimwona mara ya mwisho? Ikaja kujulikana alikuwa na presha ya siku nyingi na dawa alishaacha kumeza. Bibi wa watu hakuguswa. Siwadanganyi kwamba kila mtu aliamini, wapo wanaompita mbali hadi leo. Ila yuko hai, anapalilia migomba yake.

Baadaye nilikipata kitabu kizima Morogoro mjini, kwa muuza vitabu vya mitumba. Nikasoma kurasa za mwisho nimesimama pale pale, gari ikaniacha. Muuaji ni nani? Hapo sikwambii ng'o, katafute mwenyewe. Nilikipeleka Kinole, na nimewaomba jambo moja tu wanaokiazima: wasichane mwisho.

Mungu amrehemu mzee wetu. Tukutane wiki ijayo.