Joy Adamson: Kutoka Piano Hadi Sinema

Wengi wetu hapa Kinna tulisikia jina la Elsa kabla ya kusikia la Joy Adamson. Si ajabu, maana kaburi la simba huyo limo katika Mbuga ya Meru, jirani zetu. Lakini mimi leo nataka nikusimulie habari za yule mama mwenyewe, kwani kila kazi aliyoipanga ilimponyoka, na ile asiyoipanga ndiyo iliyomtajirisha.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 huko Troppau, mji ambao leo unaitwa Opava, katika Jamhuri ya Cheki. Alisomea piano jijini Vienna akitaka kuwa mpigaji wa jukwaani. Bahati mbaya, viganja vyake vilikuwa vidogo mno, ndoto ikafa. Mwaka 1937 akaja Kenya. Mume wake wa pili, Peter Bally, alikuwa mtaalamu wa mimea, basi mama akaanza kuchora maua. Kumbe mkono mdogo kwa piano si mdogo kwa brashi! Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi, kazi iliyomla miaka.

Wakati huo alikuwa ameolewa na George Adamson, mkuu wa wanyamapori wa jimbo la kaskazini, makao yake Isiolo. Februari 1956 George alikwenda kumsaka simba aliyemwua Mborana mmoja. Huko simba jike akamrukia, naye akampiga risasi. Baadaye ndipo wakaona watoto watatu wamejificha mwambani. Wawili walipelekwa Rotterdam, Uholanzi. Elsa, aliyekuwa mdogo kuliko wote, akabaki, akafunzwa kuwinda na kurudishwa porini Meru.

Mwaka 1959 Joy alibeba mswada wake hadi London. Si mchezo, alizungushwa ofisi baada ya ofisi, na wachapishaji kadhaa wakaukataa. Hatimaye Harvill, kampuni iliyokuwa chini ya Collins, wakakubali. Born Free kilitoka 1960, kikauzwa kama njugu. Jaladani kuna jina moja tu la mwandishi, ingawa aliyemleta simba ni George, na aliyekabidhiwa kuwalea watoto wale ni mtumishi wao Nuru. Elsa mwenyewe alikufa Januari 1961 kwa ugonjwa wa kupe, adui tunayemjua sana sisi wafugaji.

Pesa je? Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Nyingi alizielekeza kwenye kuhifadhi wanyama, na Meru ikafaidika. Najua mtu ambaye simba wameingia zizini kwake usiku atauliza mbona simba wapewe yote hayo. Ana haki ya kuuliza.

Kisha ikaja sinema, mwaka 1966. Waigizaji wakuu, Virginia McKenna na mumewe Bill Travers, walitia sahihi kuigiza tu. Lakini ilibidi wazoeane na simba wa kweli, George akiwaongoza. Mkenya Peter Lukoye aliigiza kama Nuru. Muziki wake ulimpatia John Barry tuzo mbili za Oscar. Na wale mke na mume? Mwaka 1984 walianzisha shirika la kutetea wanyama waliofungiwa, ambalo baadaye liliitwa Born Free. Nani angedhani kandarasi ya sinema moja ingewapeleka huko!

Joy hakustarehe mjini na umaarufu wake. Alimlea duma Pippa papo hapo Meru, kisha chui huko Shaba, Isiolo. Tarehe 3 Januari 1980 aliuawa Shaba. Kwanza ilitangazwa kwamba ameuawa na simba, lakini uchunguzi ukaonyesha ni kisu, na aliyekuwa mfanyakazi wake akahukumiwa. Majivu yake yaliletwa Meru, yakawekwa kwenye kaburi la Pippa na la Elsa.