Nabokov na birika la chai

Vladimir Nabokov alizaliwa St Petersburg, Urusi, mwaka 1899, katika nyumba ya kitajiri iliyozungumza Kirusi, Kiingereza na Kifaransa. Mwaka 1919 familia yake ilikimbia mapinduzi kwa meli kutoka Crimea. Hakurudi tena. Alisoma Cambridge, Uingereza, akaishi Berlin, ambako baba yake aliuawa kwa risasi mwaka 1922, akahamia Ufaransa, na mwaka 1940 akavuka kwenda Marekani. Riwaya yake Lolita, iliyotoka Paris mwaka 1955, ndiyo iliyompa jina na fedha.

Wengi humjua kwa kitabu hicho. Mimi humkumbuka zaidi kwa woga wake. Mtu huyu aliyeandika kwa lugha tatu hakuthubutu kusema hadharani bila karatasi. Alipofundisha Chuo Kikuu cha Cornell, kuanzia mwaka 1948, mihadhara yake aliiandika yote, kisha akaisoma. Waandishi wa habari aliwataka wamletee maswali kwa maandishi.

Jaribio kubwa likaja 30 Mei 1975. Bernard Pivot alimwalika Paris kwenye kipindi chake cha vitabu, Apostrophes, kilichorushwa moja kwa moja na televisheni ya Ufaransa. Mzee alikuwa na miaka 76. Alikubali kwa sharti la kupewa maswali mapema, na majibu akayaandika kwenye kadi. Mezani vikapangwa vitabu vyake mwenyewe mithili ya ukuta, kadi zikakaa nyuma yake, watazamaji wasizione. Tena alitaka whisky ya kutuliza moyo, ila hakupenda Wafaransa wamdhanie mlevi. Ikamiminwa ndani ya birika la chai, na Pivot, kama mwenyeji mwema, akawa anamwuliza kama aongezewe chai! Pivot mwenyewe ndiye aliyesimulia siri hiyo baadaye.

Wapo wanaoiita ulaghai. Mimi niliyesomea ukimbizini, na ninayefundisha watoto waliorejea, siwaungi mkono. Aliyevuka mipaka na lugha tatu kichwani ulimi wake huwa mzito hata mbele ya afisa wa forodha, sembuse mbele ya kamera. Wafanyabiashara wa mpakani wanalijua hili: maneno hupangwa kwenye foleni, kabla ya kufika dirishani.

Jioni ile hakutetereka. Alieleza waziwazi kwamba Lolita hakuwa msichana mpotovu, bali mtoto aliyeharibiwa na mtu mzima. Alifariki Uswisi 2 Julai 1977. Tangu mwaka 1961 alikuwa akiishi hotelini, mjini Montreux. Nyumba yake mwenyewe hakuwahi kununua.