Moïse Tshombe: mwenye duka aliyesoma uhasibu kwa posta kabla ya kuongoza Katanga

Hapa Lubumbashi, jina la Moïse Tshombe likitajwa, mabishano hayachelewi. Wako wanaomkumbuka kama rais wao, wako wanaomwita msaliti wa Kongo, na kila upande una hoja zake. Lakini maisha yake ya kabla ya mwaka 1960 humalizwa kwa maneno machache: alikuwa mtoto wa tajiri, akaachiwa maduka, maduka yakaanguka. Wengine husema hivyo huku wakicheka. Kisa hicho kinastahili kuangaliwa polepole zaidi, hasa katika mji huu ambamo karibu kila familia ina mtu anayeuza kitu.

Tshombe alizaliwa tarehe 10 Novemba 1919 huko Musumba, makao ya wafalme wa Lunda, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Lualaba. Baba yake, Joseph Kapenda Tshombe, alikuwa mfanyabiashara wa aina ambayo haikuonekana mara nyingi kati ya Waafrika wa wakati huo. Alikuwa na maduka, malori, mashamba na hoteli. Biashara ya rejareja ya Katanga ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji, Wagiriki, Wareno, Waitaliano na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Mwafrika mwenye lori lake mwenyewe alikuwa akitazamwa mara mbili barabarani. Watu wengi humtaja Mzee Kapenda kama Mkongomani wa kwanza kuwa milionea, milionea wa franka bila shaka, lakini bado milionea.

Mzee huyo alitaka mtoto wake asome. Moïse alipelekwa katika shule za wamisionari Wamethodisti kutoka Marekani, waliokuwa wamejenga misheni katika nchi ya Walunda. Shule hizo zilitoa walimu, wahubiri na makarani. Mtoto aliyetarajiwa kuendesha maduka na malori hakuwa na shule yake. Serikali ya kikoloni, ile wazee walioiita Bula-Matari, ilipanua masomo ya msingi na kuacha ya juu yasubiri. Chuo kikuu cha kwanza, Lovanium, kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954. Kile cha Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, kilifuata mwaka 1956. Mkongomani wa kwanza asiye wa dini kuingia chuo kikuu nchini Ubelgiji, Thomas Kanza, alianza mwaka 1952. Wakati huo Tshombe alikuwa amepita miaka 30, ana mke na ana biashara.

Mlango uliobaki ulikuwa posta. Tshombe alisoma uhasibu, yaani komptabilite, kwa njia ya barua. Masomo ya namna hiyo huja ndani ya bahasha: mwanafunzi anasoma peke yake, anafanya mazoezi, anayarudisha, kisha anangoja masahihisho. Kwa njia hiyo mtu anaweza kujifunza kuandika mali iliyoingia na iliyotoka, kuhesabu bidhaa mwisho wa mwaka, na kutenganisha faida na mtaji. Kwa Mkongomani wa miaka hiyo hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini duka lina elimu nyingine ambayo haiingii kwenye bahasha. Ni bidhaa gani itatoka mwezi huu na ipi italala kwenye rafu? Mteja akopeshwe hadi kiasi gani? Muuzaji aliye mbali atachungwaje? Wazungu wenye maduka walijifunza hayo wakiwa nyuma ya kaunta. Kijana wa kutoka Rhodes alifika Katanga, akafanya kazi katika duka la ndugu, akajua bei, wateja na wauzaji wa jumla, na baada ya miaka akafungua duka lake kwa mkopo wa watu waliomjua. Huo ulikuwa chuo kamili cha biashara ingawa hakikuwa na kibao mlangoni. Mwafrika aliingia humo kama mlinzi, mbeba mizigo, au akibahatika kama kapita wa duka la porini, akiuza kwa bei aliyopangiwa na tajiri wake.

Mwaka 1951 Mzee Kapenda alifariki, na Moïse, aliyekuwa akisaidia kazi za baba yake, akabeba mzigo wenyewe. Hakuweza kuusimamisha. Biashara ilifilisika. Wanaomlaumu husema alipenda maisha ya kifahari kuliko rafu za duka, na hakuna sababu ya kumtetea sana, kwa kuwa kweli hakuwa mtu wa kujinyima. Lakini hesabu ya lawama haikamiliki hapo. Maduka yalijengwa juu ya jina la baba, na baba alipoondoka mahusiano yake hayakurithiwa pamoja na funguo. Mali ya familia kubwa ina midomo mingi. Benki za koloni zilikopesha kwa dhamana, na kwa miaka mingi sheria haikumpa Mwafrika hati ya kiwanja ambayo angeweza kuiweka mezani. Tena mteja wa Elisabethville mara nyingi alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, ambaye kwa miaka mingi alipata sehemu ya malipo yake kama posho ya chakula kutoka kampuni. Mfukoni mwake zilibaki franka chache za kupeleka dukani.

Jambo moja Tshombe alilijua vizuri: kukusanya watu. Kati ya mwaka 1951 na 1953 alikaa katika baraza la jimbo la Katanga. Mke wake, Ruth, alikuwa binti wa Mwant Yav, mfalme wa Lunda, na Tshombe mwenyewe akawa mkubwa katika chama cha Walunda wa mjini. Duka lilipomshinda, siasa ilimpokea.

Hali ya mji ilimsaidia. Mwishoni mwa mwaka 1957, katika uchaguzi wa komine za Elisabethville, mabourgmestre Waafrika waliochaguliwa walikuwa wenye asili ya nje ya Katanga, wengi wao wa Kasaï. Wakati huohuo bei ya shaba duniani ilishuka na kazi zikapungua. Mwezi wa Oktoba 1958 chama cha CONAKAT kiliundwa, na baadaye Tshombe akawa kiongozi wake. Katika uchaguzi wa Mei 1960 kilipata viti 25 kati ya 60 vya bunge la jimbo. Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 baada ya uhuru, Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga.

Hapo ukosefu wa shule ukarudi kwa sura nyingine. Kongo nzima ilipata uhuru ikiwa na watu wachache sana wenye diploma ya chuo kikuu. Hesabu nyingi zinawaweka chini ya 30. Katanga nayo haikuwa na wahasibu, wanasheria wala maofisa wa kujaza ofisi zake. Wabelgiji walibaki kwenye viti, wakaitwa washauri, na kodi ya Union Minière ikalipa gharama. Serikali ya Tshombe ilitoa franka yake yenyewe, na picha yake ikachapishwa kwenye noti. Mtu ambaye maduka yake yalifilisika sasa sura yake ilikuwa ndani ya kila droo ya pesa ya Elisabethville.

Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa Elisabethville na kuuawa usiku uleule, karibu na mji, mikononi mwa viongozi wa Katanga pamoja na maofisa wa Kibelgiji. Doa hilo halijatoka kwenye jina la Tshombe, na hakuna maelezo ya maisha yake yanayoweza kulipita pembeni. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yalimaliza kujitenga kwa Katanga mwezi wa Januari 1963.

Tshombe alikimbilia Hispania. Mwezi wa Julai 1964 aliitwa tena Léopoldville, akawa waziri mkuu wa nchi ileile aliyotaka kuigawa, na mwezi wa Oktoba 1965 Rais Kasavubu akamwondoa. Mobutu alichukua madaraka mwezi uliofuata. Mwaka 1967 mahakama ilimhukumu Tshombe kifo bila yeye kuwepo. Tarehe 30 Juni mwaka huo, ndege ndogo aliyopanda katika visiwa vya Hispania ilitekwa angani na kupelekwa Algeria. Alifungwa huko hadi alipofariki tarehe 29 Juni 1969. Taarifa rasmi ilitaja moyo, na watu wengi hawakuiamini. Alikuwa na miaka 49. Alizikwa Brussels.

Alikuwa bado hajamaliza miaka mitano kaburini wakati Lubumbashi ilipolipa gharama ya kosa lilelile kwa bei kubwa zaidi. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianisation. Maduka ya Wagiriki, Wareno na wageni wengine yaligawiwa raia, mara nyingi watu wa karibu na utawala, na wengi wao hawakuwahi kusimama nyuma ya kaunta. Safari hii hata masomo ya posta hayakudaiwa. Bidhaa zilizokuwa kwenye rafu ziliuzwa, pesa zikaliwa, na wauzaji wa jumla wakafunga mikopo kwa watu wasiowajua. Chumvi, sabuni na vitambaa vikawa adimu. Kufikia mwaka 1976 serikali ilikuwa ikiwaita wenye maduka wa zamani warudi kuchukua mali zao. Wengine walirudi. Wengi walikuwa wamekwisha kuhamia nchi nyingine, na ujuzi wao wakaenda nao.

Leo Lubumbashi ina Institut Supérieur de Commerce, na Unilu ina fakalte ya uchumi na usimamizi. Kila mwaka vijana wanatoka humo na diploma ambazo Tshombe hakuweza kuzipata akiwa na umri wao. Sehemu kubwa ya maduka ya Kenya, Katuba na Kamalondo bado inaendeshwa kwa daftari la madeni na kwa kichwa cha mwenye duka, na mwanafunzi anayetafuta duka la kufanyia stage anasikia mara nyingi kwamba nafasi ni ya mtoto wa ndugu.