Mwana wa Monika



Wazee wetu wamenitaka niandike habari za mtu mashuhuri wa kale, ili watoto wetu waliozaliwa ng'ambo wapate kumjua. Nimemchagua Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa kaskazini, aliyezaliwa mwaka 354 mjini Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Nina sababu yangu, nanyi mtaiona.

Mwaka 383 Augustino alikuwa mwalimu wa ufasaha huko Karthago, akaazimia kuhamia Roma. Mamaye, Monika, alimfuata hadi pwani na kumng'ang'ania: ama arudi nyumbani, ama wasafiri pamoja. Akamdanganya kwamba amekuja kumsindikiza tu rafiki angojaye upepo mwema, kisha akamshawishi apumzike usiku ule katika kanisa la ukumbusho wa Mtakatifu Sipriani, karibu na bandari. Monika alikesha akisali na kulia. Kulipopambazuka, merikebu ilikwisha kutweka. Sisi tulioaga makwetu tukiahidi kurejea baada ya miaka miwili hatuhitaji kufafanuliwa kisa hiki.

Baadaye, huko Milano, kazi yake ilimpasa kumsifu Kaisari hadharani kwa maneno ambayo yeye mwenyewe na waliomsikiliza walijua kuwa si kweli. Aibu hiyo ilimtafuna. Mwaka 386 aliongoka akaiacha kazi, na Pasaka ya mwaka 387 akabatizwa na Askofu Ambrosi. Monika, aliyekuwa amevuka bahari kumfuata, aliyaona hayo kwa macho yake, akafariki mwaka uleule huko Ostia, wakiwa njiani kurudi Afrika.

Yapata mwaka 395, akiwa padre mjini Hippo, aliandika kitabu kizima juu ya uongo. Humo alimsifu Firmus, askofu wa Thagaste wa zamani, aliyemficha mtu aliyekuwa akisakwa kwa amri ya Kaisari. Firmus hakukana kumficha, wala hakumtoa. Aliteswa, akanyamaza, hata Kaisari akastaajabu na kumsamehe yule mkimbizi.

Yapata mwaka 420 aliandika kitabu cha pili, kumkataza mtu aliyeona ni halali Wakristo wajifanye wazushi ili wawafichue wazushi. Ndani yake mna mfano uliofanya niichukue kalamu. Mgonjwa mahututi anauliza habari za mwanawe wa pekee, nawe wajua kwamba mwana huyo amekufa, na kwamba habari hiyo yaweza kumwua baba. Utajibu nini? Augustino hakujifanya jabali. Alikiri kwamba huruma humtikisa sana, na kwamba anapowaza machozi ya mgonjwa karibu ashindwe. Hata hivyo alishikilia kwamba uongo ni dhambi, hata huo wa huruma.

Mimi swali hilo niliulizwa kwa simu. Mama alikuwa kitandani, na kaka yetu tulikuwa tumemzika huku ugenini siku nne kabla. Akauliza kwa nini kaka hapigi simu. Nikasema yuko kazini, hajambo, anamsalimu. Mama akashukuru. Hakupona, wala sikumwambia kamwe. Baadhi yenu mlinisifu kwa busara. Sijui kama nilistahili. Kila nikisoma ukurasa ule naona kwamba Augustino ananielewa, lakini haniachilii.

Uzeeni hakuwaonea haya hata watu wa nyumba yake. Mapadre walioishi naye waliapa kutokuwa na mali. Mmoja wao, Januari, alipofariki ikaonekana ameficha fedha na kuandika wasia, akiwanyima wanawe na kulirithisha kanisa. Augustino aliikataa fedha hiyo, akawaeleza waumini jambo lote hadharani kuanzia mwishoni mwa mwaka 425. Muda mfupi baadaye alivipitia vitabu vyake mwenyewe kimoja kimoja, akiandika palipo na makosa.

Alifariki tarehe 28 Agosti 430, Hippo ikiwa imezingirwa na Wavandali. Siku zake za mwisho aliomba abandikiwe ukutani Zaburi za toba, akizisoma kitandani huku akilia, na watu wasiingie ila waganga na waleta chakula. Hakuacha wasia, kwa kuwa hakuwa na kitu cha kurithisha.