Hildegard wa Bingen: Mtawa aliyehama na kudai mashamba yaliyobaki nyuma

KUHAMA ni shida, lakini kudai mali uliyoiacha ulikotoka ni shida kubwa zaidi. Jambo hilo lilimpata mtawa mmoja wa Ujerumani zaidi ya miaka 850 iliyopita. Jina lake ni Hildegard, na wengi wanamfahamu kama Hildegard wa Bingen.

Alizaliwa mwaka 1098 katika familia ya kikabaila. Mwaka 1112, akiwa binti wa miaka 14, alitolewa kwa Mungu. Akafungiwa pamoja na bibi mtawa aliyeitwa Jutta katika chumba kilichokuwa kando ya monasteri ya wanaume ya Disibodenberg. Watawa hao walikuwa Wabenediktini, shirika lile lile ambalo wamisionari wake walijenga Peramiho na Ndanda kusini mwa Tanzania.

Mabinti wengine walizidi kuja, na Jutta alipofariki mwaka 1136 walimchagua Hildegard awe mkuu wao. Mwaka 1141 alianza kuandika maono yake. Papa Eugenius III alipokuwa Trier mwaka 1147 na 1148, alisomewa sehemu ya maandishi hayo akayakubali. Tangu hapo sifa za Hildegard zikaenea kila upande.

Akatae nani aondoke?

Ndipo Hildegard akatangaza kwamba yeye na wenzake watahamia Rupertsberg, mlima mdogo karibu na mji wa Bingen, mahali mto Nahe unapoingia katika mto mkubwa wa Rhine. Abate Kuno, mkuu wa wanaume wa Disibodenberg, alikataa katakata.

Sababu zake zilieleweka. Sifa za mama huyo ziliwaletea mahujaji. Zaidi ya hayo, kila binti alipoingia utawani wazazi wake walitoa shamba au mali nyingine kwa ajili ya matunzo yake, na mali hiyo yote ilikuwa mikononi mwa wanaume.

Hildegard aliugua, akalala kitandani bila kuweza kujigeuza. Walioandika maisha yake wanaeleza kwamba abate mwenyewe alijaribu kumwinua kichwa akashindwa, na hapo akalegeza msimamo. Huku nyuma, familia za kikabaila zilikuwa zimekwisha zungumza na Askofu Mkuu wa Mainz.

Mwaka 1150 hivi, watawa wapatao ishirini walifunga safari. Waliyoyakuta Rupertsberg hayakuwa ya kupendeza. Mabinti waliozoea majumba makubwa walikosa chakula cha kutosha, nyumba zilikuwa hazijakamilika, na baadhi yao wakavunjika moyo wakaondoka.

Hati mkononi

Mashamba yao yalibaki Disibodenberg. Hildegard hakutosheka na ahadi za mdomo. Ingawa alikuwa mgonjwa, alipanda farasi akarudi alikotoka, akasimama mbele ya abate na watawa wake kudai haki ya mabinti zake. Ili kumaliza ugomvi, alikubali kuwaachia wanaume sehemu ya ardhi na kuwalipa fedha, mradi wasije wakapata neno la kulalamika baadaye.

Hakuishia hapo. Mwezi Mei 1158 Askofu Mkuu Arnold wa Mainz alitoa hati zilizothibitisha mali na haki za Rupertsberg. Mwaka 1163 Kaisari Frederick Barbarossa naye alitoa hati ya ulinzi. Hildegard alimkemea kaisari huyo kwa barua alipoleta mafarakano katika Kanisa, lakini hati ile ilibaki.

Nyumba ikastawi. Watawa wakafika 50 hivi, na maji yakaletwa kwa mabomba hadi vyumba vya kazi. Mwaka 1165 alifungua nyumba ya pili huko Eibingen, ng'ambo ya Rhine, akawa anavuka mto mara mbili kwa wiki kuwatazama wa kule. Katika miaka hiyo aliandika pia vitabu vya mimea na tiba, akatunga nyimbo zaidi ya 70.

Kaburi lililozua mgogoro

Mwaka 1178, akiwa na miaka 80, alipata jaribu la mwisho. Alikuwa amemzika Rupertsberg kabaila mmoja aliyewahi kutengwa na Kanisa. Wakuu wa Mainz wakaamuru maiti ifukuliwe. Hildegard alijua marehemu alikwisha patanishwa na Kanisa kabla ya kufa, akakataa. Akaenda kaburini na fimbo yake, akafuta alama zote ili lisijulikane.

Adhabu ikaja: misa na nyimbo zikapigwa marufuku katika nyumba yake. Kwa mtunzi wa nyimbo, hilo lilikuwa pigo zito. Aliandika barua na kufuatilia mpaka adhabu ikaondolewa mwezi Machi 1179. Alifariki tarehe 17 Septemba mwaka huo huo.

Rupertsberg iliteketezwa na askari wa Sweden mwaka 1632, na watawa wakakimbilia Eibingen. Nyumba hiyo nayo ilifungwa na serikali mwanzoni mwa karne ya 19. Juu ya mashamba ya mizabibu ya Eibingen ilijengwa abasia mpya, watawa wakaingia mwaka 1904. Wanazi waliwafukuza mwaka 1941, wakarudi mwaka 1945, na hadi leo wapo.

Mwaka 2012 Papa Benedict XVI alimtangaza Hildegard kuwa mtakatifu wa Kanisa zima na Mwalimu wa Kanisa.